Bi Swabra na Boma la Hawe Kadii

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Swabra Salman atazima kompyuta yake na kurudisha funguo za chumba cha data. Amelitumikia shirika letu la afya vijijini, hapa Malindi, kwa miaka thelathini na minne. Wengi wetu hatujawahi kuiona ofisi hii bila yeye, wala hatujui nani sasa atatukemea tukiacha kikombe cha chai juu ya mashine.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, msichana wa mtaa wa Shela mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliiogopa. Yeye aliifungua kifuniko siku ya pili atazame ndani mna nini. Shirika likampeleka Mombasa kusomea programu, akarudi na ujuzi mpya na ukali ule ule. Barua iliyoandikwa ovyo ilirudi mezani kwako, hata kama wewe ndiye mkurugenzi.

Wakongwe watakumbuka mwaka 2013, simu za kazi zilipoanza kupelekwa vijiji vya Ganze. Huko mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo kila mhudumu wa afya alipaswa kubeba taarifa za maboma yake ndani ya simu yenyewe. Tatizo ni kwamba boma lina nyumba, nyumba ina mama, mama ana watoto, ilhali hifadhidata ya simu hupenda mistari iliyonyooka. Bi Swabra akatunga programu ya kuligeuza boma zima kuwa maandishi marefu ya mstari mmoja, yahifadhiwe hivyo, na yakifunguliwa kila mtu arudi mahali pake, kama sufuria za harusi zinavyopangwa moja ndani ya nyingine kisha zikapanguliwa. Aliijaribu kwa nyumba yake mwenyewe: yeye, mumewe Zayd, na wanawe wawili. Ikafanya kazi barabara. Tulikula halua siku hiyo.

Wiki moja kabla ya kampeni ya chanjo ya surua, alikwenda Ganze kuhakikisha. Mhudumu wa huko, Kahonzi, akampeleka kwa bibi mwenye boma kubwa, aliyeitwa na wote Hawe Kadii, hawe likiwa nyanya kwa Kigiriama. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa, Bi Swabra akafungua simu na kumsomea bibi watu wake. Hawe akasikiliza mpaka mwisho.

"Na wajukuu zangu, mwanangu, umewaweka wapi? Mbona walala humu humu?"

Hapakuwa na mjukuu hata mmoja. Programu ilishuka mpaka kwa watoto, kama ilivyo nyumba yake ya Shela, ikasimama hapo. Watoto wa watoto iliwaacha nje bila kulalamika. Na idadi ya dozi za gari la chanjo ilikuwa itoke kwenye simu hizo.

Bi Swabra hakumsingizia mtu. Aliwaita wahudumu, akawaambia kosa ni lake, na kwamba majina yaliyopotea hayatarudi yenyewe. Kisha akaiandika upya programu iwe inaingia ndani ya kila nyumba, na ndani ya kila aliyemo, isitoke mpaka ikose mtu mwingine. Hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Iliyobaki ilikuwa ya miguu. Alizunguka na Kahonzi boma kwa boma, juani, na viatu vyake vya mjini, akarudi visigino vimechubuka. Mimi nilipewa kazi nyepesi ya kubaki ofisini kuomba dozi zaidi.

Gari liliondoka na dozi za kutosha. Mwezi uliofuata surua iliingia vijiji vya jirani, nasi tukasubiri habari roho mkononi. Kahonzi alipopiga simu kusema wajukuu wa Hawe Kadii wote ni wazima, Bi Swabra alijifunika uso kwa mtandio akalia mbele yetu, halafu akatuuliza kwa ukali tunatazama nini.

Tangu hapo, hakuna programu iliyotoka ofisini bila kwanza kulimeza boma la Hawe Kadii na kulirudisha kamili. Vijana wapya hulichapa huku wakinung'unika. Hawe mwenyewe alitutoka mwaka juzi, Mungu amrehemu. Mwezi uliopita Kahonzi aliandikisha mtoto mchanga: mjukuu mkubwa amejifungua. Ngazi hiyo haikuwapo tulipoanza. Simu ikamhifadhi mtoto, na ilipofunguliwa akaonekana chini ya jina la mamake, bila yeyote kuigusa programu. Bi Swabra aliangalia kwa muda mrefu, akasema sasa anaweza kwenda nyumbani.

Bi Swabra, pengo lako tutalihisi kila asubuhi. Tunakuombea afya, raha ya wajukuu wako mwenyewe, na usingizi wa mchana usiokatizwa na simu zetu. Watoto wale wanaishi, na mmoja wao sasa ni mama. Kapumzike, ni haki yako.

Idah Nyale, kwa niaba ya wenzako wote