Gari la Mbio Kwenye Jam ya Makutano

Pale Makutano ya Meru, barabara ya kuteremka mjini inapobanwa na maduka, kuna benchi ya mbao mbele ya jiko la Ruguru. Ruguru ni mwanamke wa Embu aliyekuja kuwauzia watu wa Meru kahawa, watu ambao wamelima kahawa tangu enzi za babu zao, wakaiuza yote na kunywa chai. Siku hizi wanaketi kwake kila jioni, kikombe mkononi, wakitazama magari yalivyoganda barabarani, na kila mmoja ana neno juu ya kila gari linalosimama mbele yake. Hakuna aliye na gari kati yao. Hilo halijawahi kumfunga mtu mdomo.

Jioni hiyo gari jekundu la Thuranira lilichomoka kwenye foleni, likapanda ukingoni likinuka kama mpira uliotiwa moto, likazimwa mbele ya benchi. Mwenyewe akashuka kwa kujivuta, maana kiti kilikuwa chini, karibu kugusa lami. Akaagiza kahawa kama mtu aliyekuja kwa ajili ya kahawa. Hakuna aliyedanganyika. Alikuwa ametoka stoo ya mbao anakosimamia, hapo juu tu, akielekea kwake upande wa pili wa mji.

Zamani Thuranira aliendesha pikapu ya miraa kutoka Kangeta, na kwa mwendo wake watu wakampa jina la Ndege. Wiki chache zilizopita akajipatia gari la mbio la kutoka ng'ambo, lenye gia za kubadilisha lakini lisilo na klachi ya mguu. Kompyuta ndiyo inayoshika klachi. Dereva anavuta tu vijiko viwili vilivyo nyuma ya usukani, kimoja cha kupandisha gia, kingine cha kushusha. Kwenye barabara tupu ni raha tupu. Lakini nani amekuambia Makutano kuna barabara tupu? Gari la mbele likisogea hatua mbili, kompyuta inashika klachi, inaachia, inashika tena, na gari linatikisa kichwa kama mzee wa kanisa anayeitikia mahubiri asiyoyasikia. Mwisho klachi inachemka, taa nyekundu inawaka, na Ndege analazimika kutua kwa Ruguru.

— Imechemka tena? akauliza Bundi, karani mstaafu aliyeitwa Hansadi, kama kile kitabu cha maneno ya Bunge, kwa sababu hasahau neno la mtu.

— Inapumzika.

— Gari ya mbio inapumzika kabla ya kukimbia. Hiyo ni mpya.

Siku nyingine Thuranira angemjibu maneno ya kumtoa machozi. Alikuwa mwepesi wa hasira, na alijisifu kuwa hafichi jambo: mbuzi wako akiwa mbaya, atakuambia ni mbaya hata kama ni wa posa. Lakini leo aliipuliza tu kahawa yake. Gari hilo alilipata kwa kubadilishana na pikapu aliyonunua pamoja na mkewe, Kiende. Kiende hakujua. Aliambiwa pikapu imekodishwa Kangeta, inabeba miraa, na gari jekundu ni la rafiki aliyesafiri. Wana benchi walijua ukweli, kwa sababu ubadilishanaji ulifanyika hapo hapo mbele yao, Ruguru akishikilia funguo zote mbili.

Na Kangeta ndiko anakokaa mama mkwe wake, ambaye asubuhi hiyo alipiga simu kwamba anakuja kumtembelea binti yake. Thuranira alikuwa ameapa afike nyumbani kabla ya mama huyo, aseme kwa kinywa chake mwenyewe. Sasa alikuwa ameketi, akingoja chuma kipoe.

Gedion alikuwa amekwisha kuanza mhadhara. Huyu aliwahi kufundisha udereva na wakamwita Profesa, ingawa wanafunzi wake wengine mpaka leo hawajui kurudi nyuma. Kwa maoni yake, kompyuta ile ilizaliwa nchi isiyo na jam, kwa hivyo gari likisimama sana, yenyewe inadhani limeuzwa kama kitanda. Bundi akakataa. Alikuwa amesikia, hakusema wapi, kwamba kabla ya kila gia kompyuta huomba ruhusa huko ilikotengenezwa, na kwa kuwa mtandao wa Makutano ni dhaifu jioni, ruhusa huchelewa, na gari huruka likipata jibu la juzi. Profesa, asiyekubali kupitwa kwa uongo, akasema dawa ni kwenda mjini kwa rivasi. Kompyuta, alieleza, imefundishwa mambo ya mbele tu. Ya nyuma haiyajui, itamwachia mwenye gari.

— Nenda wewe na rivasi, Thuranira akafoka. Hata ya mbele haujaiweza.

— Mimi sina gari, Ndege. Mimi nina akili.

Ruguru, aliyekuwa akisuuza vikombe, akasema bila kuinua macho:

— Hiyo gari haina shida. Ni mwenyewe hataki kufika.

Thuranira akainuka. Alikuwa amefungua mdomo amjibu, aliposikia nyuma yake sauti ikisalimia benchi nzima kwa adabu, mmoja mmoja. Ilikuwa sauti ya mama mkwe.

Dereva wa matatu alikuwa ameiona jam, akawashusha abiria wote Makutano. Mama alisimama hapo na kitambaa chake cha kanisa kichwani, mkungu wa ndizi miguuni. Thuranira akainamisha kichwa, akasalimu, akachukua ndizi bila kuambiwa. Mama akatazama huku na huku barabarani, kisha akamgeukia.

— Baba Kaari, Kiende ameniambia pikapu yenu iko Kangeta, inabeba miraa. Mimi nimekaa Kangeta wiki hizi zote na sijaiona. Iko wapi?

Hansadi, asiyesahau neno la mtu, akawa hakumbuki kitu. Profesa akachungulia ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama humo. Ruguru akasuuza kikombe kile kile mara ya pili. Mama akafuata macho ya watu hawa, na macho yote, bila kupanga, yalikuwa yamelala kwenye gari jekundu.

— Ndiyo hii? akauliza.

— Mama, nilikuwa naenda kumwambia, Thuranira akasema. Nilikuwa njiani.

— Naona.

Thuranira akamfungulia mlango wa gari. Mama akakitazama kile kiti cha chini, akapima nafasi iliyokuwa kati yake na cha dereva, ambayo haikutosha kupitisha kiganja. Akasema kwa upole kwamba tangu amzae Kiende hajawahi kuketi bega kwa bega na mkwe, na hataanza leo barabarani. Ndizi ziende naye. Akasimamisha tuktuk, akapanda, akakunja gauni lake vizuri.

Thuranira akaziweka ndizi kwenye kiti cha abiria, akawasha. Gari likaanza kulia likidai abiria afunge mkanda. Akazifunga ndizi mkanda, benchi nzima ikitazama, na hakuna aliyethubutu kucheka. Akaingia foleni. Gari likaruka, likasimama, likaruka. Ndizi zikaitikia kwa kichwa. Tuktuk ya mama ilikuwa imeshika ukingo wa barabara, inapita lori, inapita basi.

Akatoa simu. Kama hawezi kufika kwanza, basi neno lake litafika kwanza. Atasema wazi, pale pale kwenye jam: Kiende, pikapu nilibadilisha, nilikudanganya. Akampigia.

Simu ya Kiende ilikuwa inatumika.

Akainua macho. Huko mbele, karibu na kona, tuktuk ilikuwa ikikata kushoto, na dirishani kiwiko cha mama mkwe kilikuwa kimetokeza nje, mkono umekunjwa, simu sikioni.

Taa nyekundu ikawaka tena.