Kidari Kilichonukia Mkaratusi

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Wa nyuma sijawasikia. Tumsifu Yesu Kristo! Haya, sasa mmeamka.

Mimi ni Mama Resti wa Mazwi, mpishi wa sherehe. Wanangu nawalea kwa mwiko, mnajua. Zamani nilipika kambini kwa Wachina waliojenga barabara. Huko nikajifunza kulaza kidari cha ng'ombe kwenye sosi ya soya, tangawizi, kitunguu saumu na asali, kisha kukiivisha kwa moshi tu, taratibu, kutwa nzima. Nikasema, kitu hiki Ufipa hawajakila. Nitawaonyesha!

Nikawaonyesha kweli, kwenye harusi ya jirani. Ndugu zangu, huku kwetu kuni ni mikaratusi, nami sikufikiri mara mbili. Nikajaza mkaratusi kwenye pipa, nikafukiza. Kidari kikatoka cheusi, kinang'aa, nami natembea kifua mbele. Bibi Felista, huyo hapo mbele, shikamoo Bibi, akatafuna kidogo, akaniuliza mbele ya wakwe: "Mama Resti, hii nile au nijichue kifuani?"

Watu wakaangua kicheko! Tangu siku hiyo nikaitwa Mama Dawa ya Kikohozi. Sherehe zikapita mlangoni kwangu, wakaitwa wapishi wengine. Wanangu wakala ugali kwa chumvi. Niliumia, jamani, niliumia!

Ikaja sikukuu ya mtakatifu somo wa jumuiya yetu. Mwenyekiti akanipa kazi ya kuchemsha chai. Chai! Mimi! Nikamwambia, "Chai nitachemsha, na kidari nitaleta." Akacheka: "Leta, ila na maharage tutapika."

Nikarudi nyumbani, nikakaa uani, baridi ya Sumbawanga inauma mpaka mifupa. Nikasali: "Bwana, wenzangu wanakuomba magari. Mimi naomba moshi." Nikawasha magunzi ya mahindi niliyokuwa nimepukuchua, niote moto tu. Ndugu zangu, ule moshi! Mtamu, unanukia mahindi ya kuchoma! Nikaruka kama mtoto. Magunzi yamejaa kila ua, tunayakanyaga, kumbe jibu langu lilikuwa pale pale miguuni!

Siku ya sikukuu nikakata vipande, nikanyunyiza ufuta. Bibi Felista ana meno mawili, mnamjua. Akala. Akaongeza. Kisha nikamwona anafunga kipande kwenye kitenge. Nikamuuliza kwa sauti, wote wasikie: "Bibi, unaenda kujichua?"

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Hiki nakwenda kula nimefunga mlango."

Maharage yakabaki!

Leo naitwa kupika mpaka Kasesya, kule mpakani. Najivuna? Ndiyo, najivunia Bwana wangu, na kidari changu nacho kidogo. Asante Yesu! Nawe ndugu uliyechekwa mbele za watu, mwombe Yeye, hata kama shida yako ni ndogo kama moshi. Hakucheki!

Nawaona mnageuza shingo tangu nianze kusema. Ndiyo, pipa liko nje, linafuka. Anayeona nimetia chumvi katika ushuhuda huu, atoke akaonje. Ila mpisheni kwanza Bibi Felista, ameshasimama.