Shoka la Ukutani Si Letu

Sogeeni karibu na moto, wanangu, maana sauti niliyobaki nayo haifiki mlangoni, na sitaki mtu aje kusema baadaye kwamba hakusikia. Wewe Daluyon, kifungua mimba wangu, kaa upande huu wa sikio zima. Uyami, waachie majirani hayo mambo ya jikoni, uje ukae na kaka yako. Wala usinitazame hivyo, binti yangu, sijafa bado, nina maneno ya kunifikisha mchana, na mchana Edonga, ndugu yangu wa agano wa kijiji cha Lingay, atakuwa ameshapanda mlima, na nataka akiingia humu awakute mnajua la kufanya.

Nianze na mali, kwa sababu najua hata mtoto mwema akisubiri kutajiwa shamba hasikii kingine chochote. Shamba la mpunga la juu, lenye jiwe katikati, ni la Uyami, na asije mtu akamwambia mwanamke aliyeolewa hachukui la juu, mama yake ndiye aliyekuja nalo. La chini, kando ya mto Chico, ni la Daluyon, pamoja na nyati wa kulimia, pamoja na ugomvi na Bayangan juu ya mfereji wa maji. Ugomvi huo niliurithi kwa baba na nimeutunza vizuri sana, kila kiangazi nimeupalilia, na sasa nawaambia umalizeni. Mpelekeeni Bayangan kuku, kaeni kwake, mwacheni aseme mpaka achoke, msimjibu. Akishachoka atawapa maji, mimi namjua, ana maneno mengi lakini roho hana mbaya. Shanga za mama yenu ni za Uyami. Mtungi wa Kichina hauondoki kwenye ile kona, kazi yake ni kukaa na pombe ya miwa, na pombe iliyomo ni ya siku ya kunizika, kwa hiyo Daluyon usiionje onje ukisema unaangalia kama imeiva. Imeiva.

Haya. Sasa shoka.

Mnajua watu wa milima hii walivyokuwa wakija hapa. Mtu akifumua paa la nyumba ya babu yake akakuta shoka, mkuki au ngao, alikuja kuniuliza kitu hiki ni cha wapi. Mimi nilikuwa nakishika tu, nakigeuza, namwambia. Shoka la wenzetu wa Bontoc ni fupi na pana, makali yake yamenyooka. La kwetu Kalinga limejinyonga kiunoni, makali yameingia ndani kidogo, na mwiba wake wa nyuma ni mrefu. Ngao yetu ina vidole vitatu juu na viwili chini, nayo huhitaji hata kuishika, unaijua ukiwa ng'ambo ya bonde. Aliwahi kuja kijana na panga la mawimbi mawimbi, la watu wa Mindanao, kisiwa cha mbali kusini, wanaoswali, akataka nimwambie lilifikaje kwenye dari ya shangazi yake. Nikamwambia, mwanangu, naweza kukuambia lilikozaliwa, safari zake muulize shangazi. Na yule mfanyabiashara aliyeniletea shoka la mababu, jeusi kwa masizi, ananong'ona kana kwamba yuko kanisani? Nililinusa nikamwambia, bwana, babu yako alikuwa na lori? Maana hii ni springi ya lori. Alicheka yeye mwenyewe mpaka akakohoa, tukala naye, akaondoka na springi yake.

Basi mashoka ya mlima mzima nimeyasoma, na hili la ukutani kwangu sikulisoma hata siku moja. Mnajua kwa nini. Shoka la agano la amani kati yetu na Lingay haliteremshwi ovyo. Linateremshwa kwa damu ya kuku siku ya kwenda kucheza ngoma ya agano Lingay, unalishika mpini, unaliinua juu, unacheza, unarudi, linapanda ukutani. Hakuna anayeketi nalo mapajani akalipapasa kama mnunuzi sokoni. Na mimi nilikuwa nimeshaambiwa ni la wapi. Baba aliniambia, naye aliambiwa na wazee wake, kwamba babu Pangsiw ndiye aliyelifua hapa hapa Asibang, kwa mkono wake, ndipo akaenda nalo Lingay kufunga agano la amani. Mtu akishaambiwa na baba yake, atatafuta nini tena?

Ndipo mkaleta mabati. Mkaezua nyasi, mkateremsha kila kitu kilichokuwa ukutani, na kwa vile mimi ni mgonjwa wa kulala tu, Uyami ukanipakatisha shoka ukasema, baba, shika hili lisije likapigwa na mbao. Nikalishika, wanangu. Macho yangu hayaoni vizuri lakini vidole vinaona. Mafundi wetu wa Asibang hukaza kichwa cha shoka kwa pete ya chuma. Hili halina pete, lina ukambaa wa henzirani, na ukambaa umezungushwa kwenda kushoto. Mkono wa kulia hauzungushi hivyo. Nikapapasa mwiba, nao mwishoni umeinama chini kidogo, kama kichwa cha mtu anayesinzia. Kazi ya mkono huo naijua. Nimeishika mara nyingi kwenye mashoka yaliyoletwa hapa na watu wa upande ule. Ni fundi mmoja wa zamani, mwenye shoto, na alikuwa wa Lingay.

Nililala nalo. Mlidhani homa imepanda, mkaniwekea kitambaa cha maji, kumbe nilikuwa naona aibu. Maana mimi kila tulipokwenda kule, pombe ikishazunguka na zamu yangu ya kujisifu ikifika, nilikuwa nainua shoka hili nasema, tazameni chuma kilichozaliwa Asibang. Nilikuwa nayasema hayo uani kwao, nakula nguruwe wao.

Edonga alipokuja kunijulia hali, mlipokuwa shambani, shoka lilikuwa bado liko hapa ubavuni, hamjalirudisha ukutani. Alilitazama, akatazama pembeni. Mnamfahamu, ni ndugu yangu wa agano tangu alipopokea agano kwa baba yake, yeye akilishika kwao na mimi kwetu, kila kifo cha hapa amekuja kulia na kila mtoto wa kwake nimekwenda kumpa jina, hawezi kunificha uso. Nikamwuliza, ndugu yangu, hili ulikuwa unalijua? Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia, sikuulizi kama mshika agano, nakuuliza kama mzee mwenzako anayekufa. Akasema, "Tumelijua siku zote. Ni la kaka yake babu yangu, aliyekwenda kuwinda asirudi. Mama yangu kila ulipoanza kucheza alikuwa anatoka kwenda kuchota maji." Wanangu, mimi nilikuwa namwona yule mama anatoka na mtungi wake, na nilikuwa nasema moyoni, wanawake wa Lingay wana bidii, hata siku ya sherehe hawapumziki.

Hawakusema. Hawakusema kwa sababu agano letu linasema damu ya kabla ya agano haitajwi, na anayeitaja ndiye aliyelivunja. Wameliona shoka la mtu wao likizungushwa juu ya vichwa vyao na watu wa nyumba ya aliyemuua, kama kweli babu ndiye aliyemuua, wakatumiminia pombe, wakatuuliza kama tumeshiba. Na kwa kunyamaza kwao watu wetu wamepita njia ya Lingay kwenda sokoni na hospitali bila kugeuka nyuma. Uyami, wewe ulizaliwa njiani, kwenye kibanda cha watu wa Lingay, mama yako ameshikwa mkono na wanawake wao. Nani angekuzalisha kama wangesema?

Msiniulize babu Pangsiw alifanya nini. Labda alimuua, labda alimkuta ameshakufa akaokota. Mimi shoka linaniambia lilifuliwa wapi, zaidi ya hapo haliniambii, na sitamzulia babu uovu wala sitamtakasa.

Sasa nakuja kwenu wawili, kwa sababu nimewasikia mkibishana huko chini ya nyumba, kwenye nguzo, mkidhani nimelala. Daluyon, wewe unataka likae. Umeshalipaka mafuta, umeshalipiga picha kwa simu, umewaambia vijana kwamba utakwenda nalo Lingay siku ya kupokea agano, na unaogopa watu watasema mtoto wa kwanza wa Sagasag, wangu mimi, ameanza kazi kwa kugawa shoka la mababu. Watasema, mwanangu. Sikudanganyi. Watasema kwenye pombe na watasema kwenye mazishi, na wewe hutaweza kujitetea, kwa sababu sababu yenyewe haitajwi. Huo ndio mzigo ninaokuachia, na ni mzito kuliko shamba. Na wewe Uyami, unataka tusimame mbele ya vijiji viwili tuseme kila kitu tuombe radhi. Moyo wako ni mzuri na mdomo wako utatuua. Ukiitaja ile damu hadharani, vijana wa Lingay watalazimika kuidai, hata wasiotaka, na watoto wako ndio watakaoacha kupita ile njia. Hapa ndani nimewaambia mara moja. Mkitoka, limekwisha.

Sikilizeni njia iliyopo. Mshika agano akifa, mwenzake huja kumlilia, na harudi kwao mikono mitupu. Hupewa kitu cha marehemu, na kitu hicho hakiulizwi, si na watu wake, si na wetu. Wengine hupewa blanketi, mimi baba wa Edonga alipokufa nilipewa sahani. Edonga apewe shoka. Asipewe kwa hotuba. Msiseme tunarudisha, msiseme samahani. Apewe kama zawadi ya kuagana, na nataka apewe nikiwa hai, kwa sababu nikiisha kufa nitakuwa siwezi kumwona anavyolipokea, na hicho ndicho kitu pekee ninachokitaka kwa ajili yangu mwenyewe.

Na jambo la mwisho, Daluyon, nalisema bila hasira. Agano huenda kwa mtoto wa kwanza, lakini si lazima, wazee wananiruhusu kuchagua. Atakayelitoa shoka hili kwa mkono wake mwenyewe ndiye mshika agano. Ukikaa, ataliteremsha dada yako, na agano litakuwa lake, na nitakupenda vilevile, shamba la chini ni lako vilevile. Sikulazimishi. Siwezi kumkabidhi amani ya watu mtu niliyemlazimisha.

Nipeni maji kidogo. Basi, yanatosha.

Mbwa hao wanabweka halafu wananyamaza... ni yeye, wanamjua. Mpisheni ngazini, magoti yake mabovu kama yangu. Karibu, ndugu yangu. Kaa. Hapana, usilie kwanza, utalia baadaye, utakuwa na nafasi. Watoto wana kitu chako.

Daluyon.

Uyami, tulia, usiinuke. Mpe nafasi kaka yako.

Nani huyo amesimama... sioni, lakini ubao unalia, na mwenye kuliza ubao hivyo humu ndani ni mmoja tu. Eeh, mwanangu. Polepole. Mikono miwili. Mpini uelekee kwake, makali yaje kifuani kwako, ndivyo anavyopewa ndugu. Msogelee, ameshanyoosha mikono, nasikia bangili zake.

Hapo.

Usiseme kitu, Edonga. Nimekuona. Kidogo, lakini nimekuona.

Mshika agano ni Daluyon, wote mmesikia. Uyami, wewe ni shahidi wake, mkumbushe akijisahau, mpoze moyo watu wakimsema. Nizikeni upande wa mto, msichinje nyati wengi mkajitia taabu kwa ajili ya kuonekana. Mpunga uwaitikie. Watoto wenu waote meno. Njia ya Lingay isiote nyasi siku zenu, wala siku za watoto wenu... nimechoka, wanangu, subirini nipumue.

Edonga asilale hapa, mvua ya jioni itamkwamisha mtoni. Msindikizeni nyote wawili mpaka kwenye mpaka, sasa hivi, mimi nitawasubiri, sina haraka. Mmoja ambebee kikapu. Mmoja amshike mkono penye mawe. Lakini hilo shoka... hilo msimbebee. Alibebe mwenyewe.