Limenyamaza Lini? Miaka Thelathini na Moja ya Mama Ndoo

Leo Ijumaa, tarehe 30, saa kumi jioni, Msimamizi wetu wa Usafi na Ufuaji anastaafu baada ya kuitumikia nyumba hii ya wazee kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Jina lake kamili liko kwenye cheti alichoandikiwa na meneja. Sisi wengine, kuanzia wazee wa vyumbani hadi anayetuletea mkate asubuhi, tunamjua kwa jina moja tu: Mama Ndoo.

Mwenyewe hayupo ukumbini. Kiti chake ni kile cha mbele chenye kitambaa cheupe, na kitabaki kitupu mpaka tumalize. Kwa nini hayupo, ndiyo habari yenyewe ya wasifu huu, nami nitaifikia. Naomba mnivumilie. Mimi ni msaidizi wa jikoni, si mwandishi, tena nina wiki tano tu katika ndoa, kwa hiyo siku hizi kicheko changu na machozi yangu vinatokea mlango mmoja.

Mama Ndoo aliingia hapa kama mfuaji. Wakati huo chumba cha kufulia kilikuwa na mashine moja, na ikianza kukamua ilitembea yenyewe hadi mlangoni. Alikuwa akiikalia mpaka itulie, huku akikunja foronya mapajani. Wanaokumbuka wanasema ukipita dirishani ulimwona mwanamke anatetemeka mwili mzima na uso umetulia kama yuko kanisani au msikitini.

Jina lake lilitokana na ndoo zake mbili. Nyekundu ni ya vyooni na vyumba vya wagonjwa, ya bluu ni ya kwingine kote, na ole wako uzikutanishe. Mwaka mmoja mkaguzi wa afya aliisogeza ile nyekundu kwa mguu ili apite. Alioshwa mikono, kisha akaoshwa kiatu, kisha akaambiwa aendelee na ukaguzi. Aliandika kwenye ripoti yake kwamba usafi wa nyumba hii ni wa kuridhisha sana. Angeandika nini tena?

Pale bombani mlangoni, kila mgeni alikuwa wake. Alikataa watu wanaolowesha vidole na kukimbia. Akiona umeoa au umeolewa, alikuambia usugue kwa sabuni huku ukiwataja wakwe na mashemeji zako wote, mmoja mmoja, na usifunge maji mpaka wa mwisho. Asiye na wakwe alitaja majirani. Fundi Saa wa chumba namba saba, aliyetengeneza saa maisha yake yote na sasa ana miaka tisini na moja, alikuwa akikaa karibu na bomba na kumpimia muda. Zikitimia sekunde ishirini alisema, "Ukoo umetosha, pita!" Siku niliyochumbiwa Mama Ndoo aliniuliza kwanza kama mchumba wangu ana ndugu wengi. Nilipomwambia wako tisa, alipiga makofi. "Mwanangu, utakuwa na mikono safi mpaka uzeeni."

Lakini hakuna aliyezijua siku za baridi za nyumba hii na akabaki anacheka tu.

Baridi ikiingia tunafunga madirisha. Wazee wanasogea kwenye ukumbi wenye joto, blanketi moja magoti manne, na mdudu wa tumbo akimpata mmoja wao amewapata wote. Mimi nauona ugonjwa kutoka kwenye kidirisha cha kutolea chakula. Kwanza inarudi trei moja haijaguswa. Kesho yake zinarudi tano. Halafu korido inanuka klorini, milango imefungwa, na kwenye kila mlango kuna karatasi, na nyumba nzima inakuwa kimya isipokuwa sauti ya mtu anayetapika na sauti ya viatu vya mpira vya Mama Ndoo vinavyomfuata.

Uongozi uliwahi kuweka chupa za kitakasa mikono kwenye kila mlango, tukajiona tumemaliza kazi. Chini ya kila chupa Mama Ndoo alibandika kikaratasi: "Hii haimtishi mdudu wa tumbo. Bomba liko kushoto." Alitufundisha kwamba matapishi hayafutwi kwa kukimbia nayo. Unavaa glavu, aproni na barakoa, unayafunika kwa karatasi, unayaokota ukitoka pembeni kuelekea katikati, halafu unapitisha maji ya klorini yaliyochanganywa siku ile ile, si ya jana, na kuyaacha yafanye kazi kabla ya kupangusa. Shuka la mgonjwa halikung'utwi. Linakunjwa kwa ndani, linatiwa kwenye mfuko wake na kufuliwa peke yake kwa maji ya moto. Vitasa, swichi, rimoti ya televisheni: hivyo alivifuta kana kwamba vimemtukana.

Na mgonjwa hamwagiwi glasi nzima ya maji kooni, maana itarudi. Mama Ndoo hakuwa muuguzi, lakini wauguzi wetu wawili walipozidiwa yeye ndiye aliyekaa kitandani na kikombe cha maji ya chumvichumvi za pakiti, kijiko kimoja, anangoja, kijiko kingine. Aliangalia midomo kama imekauka, macho kama yameingia ndani, mzee kama hajakojoa tangu asubuhi au ameanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Akiona hayo aliita gari, hakungoja kuombwa ruhusa.

Sasa lile daftari. Wageni hawalijui. Ni daftari la wafanyakazi waliougua, linaning'inia kwa kamba nje ya chumba cha kufulia. Safu ya tatu ilikuwa imechapishwa "Tarehe ya kupona". Mama Ndoo ameikata kwa kalamu kwenye kila ukurasa, kwa mkono wake, na juu yake ameandika: "Tumbo lilinyamaza lini? Siku na saa." Kuanzia saa hiyo zinahesabiwa siku mbili kamili bila kutapika wala kuhara. Kabla hazijaisha huingii hapa, hata uwe unaruka kamba. Mwili wako umepata nafuu lakini mdudu bado anatoka nawe, ndivyo alivyosema, na mikono yako inakwenda kwenye vikombe vya watu. Neno "nimepona" alilifukuza katika nyumba hii. Ukimwambia umepona alikujibu, "Nani kakuuliza habari zako? Nimeuliza habari za tumbo." Tukalifanya utani. Siku hizi tunasalimiana kwa hilo. "Limenyamaza?" "Limenyamaza jana saa nne."

Wiki mbili zilizopita alikuja kidirishani kwangu na kuniambia amesikia nimepewa kazi ya kumwandika. Akaniambia niandike pia kwa nini alilikata neno lile. "Ukiniandika nilikuwa malaika, nitakichana kikaratasi chako mbele ya watu." Kwa hiyo naandika, Mama, kama ulivyotaka.

Miaka kumi na tisa iliyopita, katikati ya baridi, Mama Ndoo alitapika siku nzima nyumbani kwake. Asubuhi iliyofuata tumbo likatulia. Wafuaji wawili walikuwa wagonjwa na mashuka yalikuwa yamejaa hadi koridoni, basi mchana akaja kazini. Kwenye daftari aliandika neno moja: Nimepona. Jioni alimsaidia mpishi kugawa chai. Ndani ya siku tatu wazee kumi na mmoja walikuwa kitandani, na wawili hawakuinuka tena. Mmoja alikuwa mzee wa posta. Mwingine alikuwa bibi mmoja mshonaji, wa chumba namba nne, aliyempunguzia Mama Ndoo aproni yake na kuitia mfuko wa pembeni wa kuwekea vibanio. Mama Ndoo ameuhamisha mfuko huo kwenye kila aproni mpya kwa miaka yote hii. Mnaufahamu, ni ule wa maua ya njano. Tulidhani anapenda maua.

Daktari alisema haiwezekani kujua nani aliuleta ugonjwa. Wageni walikuwa wengi wiki ile. Hakuna aliyemlaumu, hata kwa jicho. Nilipomkumbusha maneno hayo ya daktari alinijibu, "Huenda si mimi, huenda ni mimi. Ila vikombe nilivyoshika navijua. Kimoja kilikuwa cha bibi."

Na lini aliniambia? Hapo ndipo ninapoingia, kidogo tu. Ilikuwa Ijumaa, kesho yake ni harusi yangu. Nilikuwa nimeugua tangu Alhamisi, na alfajiri ile tumbo lilikuwa limetulia. Nilifika chumba cha kufulia kuchukua vitambaa vya meza alivyoahidi kuniazima, hina mkononi, uso umekonda, furaha imenijaa mpaka nywele. Nikasimama nje ya mlango nikasema, "Nimepona, Mama Ndoo, niangalie!" Aligeuza ndoo ya bluu akaikalia. Akaniuliza kesho nitashika mikono ya nani. Nikaanza kutaja. Nilipofika kwa bibi yake mume wangu, mwenye miaka themanini na nane na kifua kibovu, akaninyamazisha kwa kidole. Halafu akanisimulia habari ya bibi mshonaji.

Nilimwambia maneno mabaya siku ile. Nilimwambia ana wivu. Aliyapokea yote akiwa juu ya ndoo, na vitambaa hakunipa.

Mashangazi zangu waliwaka. Harusi gani inaahirishwa kwa sababu ya tumbo? Watu tuwaambieje? Mume wangu (bado nikiliandika neno hili natabasamu kama mjinga), ambaye ni dereva wa nyumba hii na mnamjua, alikaa kwenye gari lake akawapigia simu wageni wote, mmoja baada ya mwingine. Kwangu alisema tu kwamba amenisubiri miaka miwili na siku nane hazimtishi. Kisha kila asubuhi alinitumia ujumbe: "Limenyamaza, mpenzi?" Wengine wanaandikiwa mashairi. Mimi niliandikiwa hilo, na sitabadilishana na mtu. Jumamosi ile iliyokuwa iwe ya harusi, binti wa shangazi niliyekuwa nalala naye chumba kimoja alianza kutapika saa nne asubuhi, saa ile ile ambayo angekuwa amenishikia shela. Siku nane baadaye niliolewa. Bibi yake mume wangu alikaa mbele akipiga makofi nje ya mdundo, na mpaka leo mzima. Mama Ndoo alisimama bombani na sabuni, akiwataka wageni wataje wakwe, nao wakwe wapya walikuwa pale pale wakihesabu nani kasahauliwa.

Nilimwomba radhi. Aliniambia nikapakue chakula, watu wana njaa.

Sasa nakuja kwenye kiti kile. Jumatatu wiki hii mdudu wa tumbo alirudi. Wa kwanza kuanguka, na kati ya wazee ndiye peke yake mpaka leo, alikuwa Fundi Saa, akiwa kwenye kiti chake pale bombani. Mama Ndoo alikuwa hatua tatu tu, na sanduku la glavu lilikuwa ukutani, hatua kumi. Miaka kumi na tisa ametufundisha glavu kwanza. Jumatatu hakwenda kwenye glavu. Mzee alikuwa anaporomoka na kichwa kinakwenda sakafuni, akamdaka kichwa kwa mikono mitupu, akakilaza kifuani, juu ya aproni. Jumanne jioni naye akaanza kutapika.

Jana Alhamisi alimpigia meneja. Limenyamaza saa tatu asubuhi. Meneja akamsihi: aje tu, akae mbali, avae barakoa, ni siku yake moja katika miaka thelathini na moja. Mama Ndoo akamuuliza kama wazee watakuwemo ukumbini. Meneja akakubali kwamba watakuwemo. Basi, akasema, wasalimie. Kwa hiyo siku zake za mwisho kazini amezimaliza nyumbani kwake, mlango umefungwa, na mimi nasema hakuna zamu aliyoifanya vizuri kuliko hiyo. Meneja amemwandikia mwenyewe kwenye daftari: Alhamisi, saa tatu asubuhi. Safu inayofuata, ya tarehe ya kurudi kazini, imebaki wazi. Sijaweza kuiangalia mara mbili.

Fundi Saa bado yuko kitandani. Anakunywa kwa kijiko, vijiko vichache. Asubuhi anauliza ndoo ziko wapi, kwa sababu hazisikii zikipita. Tumemwambia ukweli, kwamba Mama Ndoo anakuja kesho. Ametaka tumwekee saa yake mahali anapoiona.

Mama Ndoo, unatusikiliza kwa simu, na mume wangu ndiye aliyeishika karibu na kipaza sauti, kwa hiyo ukisikia mtu anavuta pumzi, ni yeye, analia. Ahsante kwa mashuka ya miaka thelathini na moja. Ahsante kwa vijiko. Ahsante kwa kutuambia habari ya vikombe, ambayo ungeweza kuondoka nayo na tusijue kamwe. Tunakuombea mapumziko marefu, madirisha yaliyo wazi, na tumbo lililonyamaza siku zote.

Kesho Jumamosi, ikifika saa tatu asubuhi, siku zako mbili zitakuwa zimetimia. Hutakuwa mfanyakazi wetu tena, utakuwa mgeni kama wageni wengine. Dereva atakuwa nje ya mlango wako tangu saa mbili na nusu. Nimeweka sabuni mpya bombani, na kiti cha Fundi Saa kiko pale pale, mimi ndiye nitakayehesabu badala yake. Sugua, taja ukoo wote mpaka wa mwisho, kisha nenda moja kwa moja chumba namba saba. Tunamwomba Mungu ufike kwa wakati, umkute Fundi Saa bado anaiangalia saa yake.