Wasichana wa Gari la Njano

Mbele ya kibanda cha fundi saa pana benchi lenye mguu mmoja uliofungwa waya, na hapo ndipo dunia huhukumiwa kila alasiri. Mahakimu ni watatu. Yuko mwenye kibanda, wanamwita Sekunde, maana hajawahi kufika mahali kwa wakati. Yuko Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakamstaafisha. Na yuko seremala mmoja, Wakili wa Bure, ambaye akianza kukutetea utatamani ufungwe. Kahawa ni ya Bi Mrashi, mama mtu mzima anayemimina kutoka juu bila kumwaga tone. Sheria ya pale ni moja tu: kahawa haimiminwi mpaka shauri la siku liamuliwe. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, shauri alilileta Bi Mrashi mwenyewe.

— Nitafutieni wimbo, alisema. Wa Kikorea.

— Wa nini? Breki akatega sikio.

— Wa Korea huko. Wasichana wako kwenye gari la njano, wameshika aiskrimu, jua linawaka raha mustarehe. Unakwenda hivi.

Na Bi Mrashi, na utu uzima wake wote ule, akauimba kwa pua, mwanzo mpaka mwisho, asikosee pahali. Amekuwa akiusikia kupitia ukuta tangu mjukuu wake aletwe, na picha zake alizichungulia mlangoni.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Binti yake alipata kazi mbali, ya kufua mashuka ya hospitali, akamwachia mtoto. Mtoto ana adabu ya kutisha. Ndiyo, bibi. Hapana, bibi. Nimeshiba, bibi. Kisha anaingia chumbani na simu yake, wimbo unaanza, na humo ndani mara mojamoja anacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomkosesha Bi Mrashi raha. Marehemu mama yake alikuwa akisema, "Anayekushukuru kwa kila tonge ni mgeni. Wako atakula na kulalamika chumvi."

Sekunde akatafuta kwenye simu. Wa kwanza siyo. Wa pili siyo. Uliofuata, Bi Mrashi akajipiga paja.

— Ndio huo!

Vichwa vinne vikainama. Mbingu imefuliwa ikaanikwa. Bahari ya buluu, maputo, maji yanarushwa, na wasichana sita wanaruka kama sakafu ina moto.

— Tangazo la aiskrimu hilo, akasema Sekunde. Shauri limekwisha. Mimina, mama.

— Aiskrimu gani inayeyuka hivyo na hakuna anayelamba? Bi Mrashi akalivuta birika kwake. Siyo.

— Nyie hamjui kutazama, akasema Breki. Oneni gari. Dereva kaacha usukani anacheza! Hawa walishakufa zamani. Hapo wako peponi, ndiyo maana hakuna hata mmoja anayetoka jasho. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

— Sasa huo upole uko wapi hapo? akauliza Sekunde.

— Si ndiyo maana wamejikwaa!

Wakili wa Bure akasimama, akafunga kifungo cha shati lisilo na kifungo.

— Waheshimiwa. Nguo zimebadilika kila kona na gari halijasimama. Maana yake? Wanatoroka! Wanatoroka harusi. Huyu wa nguo nyeupe ndiye bibi harusi, hawa wengine wapambe wake, na gari ni la bwana harusi. Wamemwacha kanisani anahesabu viti. Ndipo waliposema wahenga, kidole kimoja hakivunji chawa.

— Wako sita! akasema Breki.

— Basi na chawa alikuwa mkubwa.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Bi Mrashi hakucheka.

— Kwa hiyo wimbo unamwambia mjukuu wangu atoroke?

Kicheko kikakatika. Wakili wa Bure akakaa chini taratibu.

— Mama, mimi nilikuwa natania.

— Mimi sijasoma, wanangu. Hata herufi za kwetu naziona kama sisimizi, sembuse za Kikorea. Nataka kujua kitu kimoja tu. Huo wimbo unamwambia nini yule mtoto ambacho mimi simwambii?

 Sekunde akaurudisha mwanzo, wakautazama tena, safari hii bila utani, kama watu wanaomtazama mgonjwa akipumua.

— Labda haumwambii kitu, mama, alisema Breki baadaye. Labda unamshika mkono tu.

Hapo akatokea mwanamke mmoja, saa ya ukutani kwapani, amekuja kutengenezewa. Akachungulia simu.

— Hee! Hawa! Binti yangu kanimaliza nao. Kuna anayewapenda hapa?

— Mjukuu wangu, alisema Bi Mrashi.

— Anampenda yupi?

— Yupi vipi?

— Mama, kila mtoto ana wake hapo. Wangu anampenda huyu mwenye nywele fupi. Siku moja nilimsema vibaya, nikanuniwa mpaka jioni. Wa mjukuu wako ni yupi?

Bi Mrashi akamtazama Sekunde. Akamtazama Breki. Wakili wa Bure, ambaye hajawahi kukosa neno, akatazama viatu vyake. Wimbo wote aliujua, panda yake na shuka yake. Hilo hakulijua. Akalisukuma birika katikati ya benchi.

— Jimiminieni.

— Na shauri je, mama?

Alikwishavuka barabara.

Nyumbani, mlango wa chumba cha mtoto haukuwa umefungwa. Wimbo ulikuwa unapigwa. Bi Mrashi akakaa ukingoni mwa kitanda, mtoto akainuka haraka kumpisha, kwa ile adabu yake.

— Kaa, mama. Hebu niambie. Katika hawa, wako ni yupi?

Msichana akamkazia macho kama aliyesikia ukuta ukisema.

— Wangu?

— Wako.

Akakaa. Kisha akaisogeza simu.

— Huyu wa mwisho. Subiri, bibi, subiri, anakuja… hapo! Umemwona? Amekosea kuruka, na wakamwacha hivyohivyo!

Akacheka kile kicheko, karibu hivi, pumzi yake shavuni kwa bibi.

— Sijamwona, alisema Bi Mrashi, aliyemwona vizuri kabisa. Rudisha.