Nasiri, Mtunza Bendera za Marafiki Wetu wa Kudumu

Mzee Nasiri Gasana anastaafu tarehe 30 Juni 2026, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza bendera na ukumbi wa mikutano katika idara yetu ya ushirikiano na nchi za nje. Wakurugenzi tisa wamepita, na kila mmoja alimkuta akipiga pasi.

Mtoto huyu wa fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo alijua vitambaa kabla ya kujua itifaki. Milingoti aliipima kwa futi ya marehemu baba yake, ili bendera ya mgeni isiizidi yetu hata kwa upana wa kidole. Katika mikataba yetu mingi, huo ndio usawa pekee tuliowahi kuupata.

Mwaka jana mshirika wetu mkubwa wa uchumi alitukasirikia, nasi tukakasirika zaidi. Asubuhi moja tukagundua kwamba siku zote tulikuwa tukijitegemea. Mkurugenzi wetu, Bwana Achille, aliagiza bendera ya mshirika itupwe, na vibandiko vyake vibanduliwe kwenye magari, viti na birika la chai. Wenzetu walibandua kwa uzalendo mkubwa, kisha wakapanda magari hayo hayo kurudi nyumbani.

Nasiri aliishusha bendera, akaifua, akaikunja na kuifungia kwenye droo. Bi. Mugeni wa utumishi alimkuta akiinyoosha kwa pasi, akamwuliza anamsubiri nani.

"Mama, hii nimeshaikunja mara tatu," alijibu. "Hawa hurudi."

Kwa jibu hilo alipewa barua ya onyo na kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu siku ya Alhamisi. Kosa: kukosa imani. Adhabu iliyopendekezwa: kufukuzwa kazi, ikiwa imebaki miezi kumi astaafu. Kielelezo: bendera moja, safi, iliyopigwa pasi vizuri.

Jumatano mshirika alitangaza kwamba ujumbe wake unatua kesho yake. Kigali nzima hatukupata bendera yake ya kipimo cha ukumbi wetu, isipokuwa kile kielelezo. Basi kamati ndiyo iliyomfuata Nasiri. Bwana Achille, ambaye kwa kawaida humwita "wewe wa bendera", siku hiyo alimwita mzee kwa Kinyarwanda cha heshima: "Muzehe wangu, tuokoe." Nasiri aliomba jambo moja tu, barua ile ifutwe. Akaahidiwa mbele ya watu sita, akatundika.

Barua haijafutwa. Kuifuta kunahitaji sababu ya maandishi, na hakuna aliye tayari kuitia saini. Leo mzee wetu anaondoka na cheti cha uaminifu kwenye fremu huku onyo likibaki kwenye faili, vyote viwili vikiwa na saini ya mtu mmoja.

Kwa kuwa faili haliwezi kusema, acha karatasi hii iseme: hakukosa. Sisi tuliokulia ukimbizini Karagwe, tuliokunja shuka mara nyingi tusijue tutazitandika wapi, tunaielewa mikono yake.

Asante, Nasiri. Pumzika vyema kwako Nyakabanda, upate afya na siku ndefu zisizo na pasi. Ufunguo wa droo tumeupokea. Namba ya simu tu usiibadilishe, maana tangu Jumatatu mshirika amenuna tena.