Madawati Yale Yale

Mwalimu mkuu wa shule ya serikali alikaa mbele yangu ndani ya basi, karatasi ya kampeni yenye picha ya mgombea mapajani. Akamwambia seremala aliyekaa naye, "Mwaka huu katuahidi madawati mia mbili. Watoto wangu wataacha kuandikia magotini."

"Shikamoo hiyo imani yako, mwalimu! Si ndiye yule wa uchaguzi uliopita?"

Ndiye. Mimi sisahau. Yaliletwa madawati ishirini, watoto wakapigwa picha wameyakalia, jioni lori likayahamishia shule nyingine yakapigwe picha tena. Nasi wananchi wema tulipiga makofi yalipokuja, tukasaidia kupakia yalipoondoka.

"Binadamu hubadilika, fundi. Safari hii anasema kazi ya kuyatengeneza ameshaitoa."

"Ameitoa kweli. Kanipa mimi."

Mwalimu akamgeukia, uso umechangamka. "Yote mia mbili?"

Seremala akatazama kucha zake zilizoganda rangi ya buluu. "Ni yale yale ishirini, mama. Nimeambiwa niyapake rangi upya."

Basi likasimama karibu na shule. Mwalimu akainuka taratibu, akaikunja karatasi yake.

"Basi paka mapema ikauke kabla watoto hawajayakalia, mwanangu," akasema. "Sare zao ni hizo hizo walizovaa."